Benchi la Viziwi pale Kebirigo

Bathsheba Mong'ina alijua kwamba bintiye hasikii siku mtoto huyo alipomuuliza, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kwa nini watu wote nyumbani walikuwa wakinong'ona.

Hakuna aliyekuwa akinong'ona. Ratemo, baba wa mtoto, alikuwa mlangoni akibishana na jirani juu ya ng'ombe aliyeingia kwenye majani chai, na sauti zao zilifika hadi barabarani. Celestine alikuwa ametoka hospitali Kisii wiki hiyo, amekonda, kichwa kimenyolewa, baada ya homa ya uti wa mgongo iliyokaribia kumwondoa duniani. Familia ilikuwa bado inamshukuru Mungu kwamba amerudi akitembea kwa miguu yake. Bathsheba aliiweka sufuria chini, akazunguka nyuma ya mtoto na kupiga makofi karibu na sikio lake. Celestine aliendelea kula ndizi.

Alikuwa darasa la pili wakati huo. Nyumba yao iko mwendo mfupi kutoka soko la Kebirigo, na kanisa lao la Waadventista liko juu kidogo ya soko, jengo la matofali ambalo upande mmoja halijapigwa lipu hadi leo. Mgeni akija kuhubiri kwa Kiswahili, mtu husimama kando yake akiyageuza maneno kwa Ekegusii ili wazee wasiachwe nyuma. Mtu huyo kwa miaka mingi alikuwa Mzee Sylvanus Ogoti, mwalimu mkuu mstaafu, kiongozi wa wazee wa kanisa, mwenye suti ya kijivu na sauti isiyohitaji kipaza sauti.

Ni yeye aliyeongoza maombi ya kumponya Celestine. Kila Sabato wenye mahitaji waliitwa mbele, na kila Sabato Bathsheba alimshika binti mkono akampeleka. Wazee walimzunguka, wakamwekea mikono kichwani, wakaomba. Walipomaliza, mtu mmoja aliyesimama nyuma kabisa ya kanisa aliita jina la mtoto ili wote waone kama atageuka.

Hakugeuka. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Shuleni alikaa tu akitazama ubao, na maneno aliyokuwa nayo kabla ya homa yakaanza kupotea kinywani mwake. Hatimaye Sabato moja, wenye mahitaji walipoitwa, Celestine alilishika benchi kwa mikono yote miwili akakataa kubanduka. Mama yake akavuta. Mtoto akazidi kushikilia, machozi yakimtoka, bila sauti. Bathsheba akamwachilia, akaketi.

Baada ya ibada alimfuata Mzee Sylvanus nje.

"Mzee, nawashukuru kwa maombi. Lakini masikio ya mtoto huyu msiyaombee tena."

"Umekata tamaa, Mama Celestine?"

"Sijakata tamaa. Nataka kumpeleka shule ya viziwi."

"Na imani je?"

"Imani ninayo, Mzee. Shule ndiyo sina."

Maneno hayo yalizunguka Kebirigo kabla jua halijatua. Wengine walisema amemvunjia mzee heshima. Bathsheba aliyasikia yote akiwa na kikapu cha majani chai mgongoni, na muhula mpya ulipofunguliwa alimpeleka Celestine shule ya bweni.

Huko ndiko alikogundua kwamba kazi haijaisha. Siku ya wazazi, Mwalimu Gladys, aliyefundisha darasa la Celestine, aliwasimamisha wazazi mmoja mmoja mbele ya watoto wao na kuwataka wawaulize, kwa ishara, wangependa kula nini wakija nyumbani likizo. Ilipofika zamu ya Bathsheba, alinyanyua mikono yake ikabaki hewani. Celestine alimtazama, akamsubiri, kisha akainamisha macho.

"Mama, shule ikifungwa huyu ataongea na nani kwenu?" Mwalimu Gladys aliuliza. "Na ng'ombe?"

Wazazi walicheka. Bathsheba hakucheka. Aliporudi Kebirigo hakupitia nyumbani, alikwenda moja kwa moja sokoni kwa Angwenyi.

Angwenyi alikuwa fundi viatu, kiziwi tangu kuzaliwa, mwenye kibanda cha turubai karibu na wauza ndizi. Watu wengi walimjua kwa kazi yake tu, wakimwonyesha soli iliyobanduka na kuondoka. Yeye alikuwa amesoma shule ya viziwi akamaliza darasa la nane, na lugha ya ishara aliijua vizuri kama sisi tunavyojua ya mama zetu. Bathsheba alimwandikia kwenye kipande cha karatasi: Nifundishe kuongea na mtoto wangu. Angwenyi alisoma, akamtazama juu hadi chini, akamsogezea kigoda.

Tangu siku hiyo, kila akimaliza kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, alishuka sokoni na kuketi kando ya fundi. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vimekatwakatwa na michai, na mwanzoni vilikwenda asikotaka. Siku moja alikusudia kusema kwamba mumewe amechoka, kumbe amesema mumewe amejifungua. Angwenyi alicheka hadi sindano ikamdondoka. Wauza ndizi walicheka pia bila kujua kilichochekesha. Bathsheba alirudia ile ishara hadi ikanyooka.

Ratemo hakufurahia mambo hayo. Alikuwa mtu wa maneno machache, asiyependa kutazamwa.

"Utarusha mikono sokoni hadi lini?" alimuuliza mkewe jioni moja. "Watu wanasema umechanganyikiwa."

"Waambie nina mtoto."

"Wanajua una mtoto."

"Basi waambie nazungumza naye."

Ratemo akatoka nje. Lakini Celestine aliporudi likizo, Ratemo aliwakuta wawili hao jikoni, mama na binti, wakisimuliana mambo ya shule huku uji ukifurika na kuzima moto. Alisimama mlangoni akiwatazama kwa muda, halafu akaenda kuleta kuni bila kuambiwa.

Likizo hiyohiyo Celestine alimgusa mama yake kanisani wakati wa mahubiri. Mhubiri alikuwa anapiga meza, na watu wote walikuwa wakicheka.

"Anasema nini?" aliuliza kwa mikono.

Bathsheba alitaka kumjibu kwamba atamweleza baadaye. Akakumbuka ni mara ngapi alimwambia hivyo na baadaye isifike. Akageuka pale pale kwenye benchi la nyuma, akaanza kumpa binti yake mahubiri, sentensi kwa sentensi, mengine yakimponyoka. Vichwa vikageuka. Watoto wakaanza kumwigiza. Shemasi wa kike akaja akamnong'oneza kwamba anawasumbua watu. Bathsheba alimsikiliza kwa adabu yote, kisha akaendelea.

Kesho yake alimsimulia Angwenyi kisa kilichohubiriwa, cha mtu mwenye kupooza aliyeteremshwa na rafiki zake kupitia darini. Fundi aliacha kushona.

"Hicho kisa sijawahi kukijua," akasema kwa mikono. "Mama yangu alikuwa ananipeleka kanisani nikiwa mdogo. Niliona watu wakifungua midomo, basi."

Sabato iliyofuata alikuja amevaa koti na viatu alivyoving'arisha hadi vikameta. Akaketi nyuma, macho kwenye mikono ya Bathsheba. Miezi ilivyokwenda akawaleta wengine aliowajua: mume na mke kutoka upande wa Nyamira mjini, dereva wa trekta, na msichana ambaye hakuwahi kupelekwa shule yoyote, mwenye ishara zake mwenyewe za nyumbani ambazo ilibidi Angwenyi amfasirie Bathsheba kwanza. Benchi likajaa. Lakini kule nyuma kulikuwa na giza, na kila walio mbele yao waliposimama kuimba, viziwi hawakuona chochote isipokuwa migongo.

Bathsheba akaomba kusimama mbele, kando ya mimbari. Aliitwa kwenye baraza la kanisa.

"Dada Bathsheba," Mzee Sylvanus alisema, "nia yako ni njema. Lakini watu wataitazama mikono yako badala ya kumsikiliza mhubiri. Mimbari si mahali pa watu wawili."

"Lakini wewe husimama pale, Mzee, mgeni akija. Hakuna anayesema unamfunika."

"Mimi nageuza maneno kwa lugha ya watu."

"Na mimi pia."

Mzee mmoja akakohoa. Walimwambia jambo lake litaangaliwa, asubiri. Bathsheba aliwashukuru, akatoka, na wala hakusubiri.

Sabato iliyofuata aliwasili mapema. Yeye na Angwenyi walilibeba benchi la nyuma, wakalitoa nje, wakaliweka kwenye nyasi upande wa ukuta usio na lipu, kulikokuwa na dirisha kubwa karibu na mimbari. Viziwi waliketi wakitazama ukuta. Bathsheba alisimama mbele yao, mgongo dirishani, sikio likielekea ndani. Hapo palikuwa na mwanga wa kutosha. Waliposimama kuimba ndani, naye aliimba kwa mikono nje, na wale watu wakaimba naye. Wapita njia waliokuwa wakielekea sokoni walisimama kwenye ua kutazama.

Ndani hakuna aliyewaambia warudi, na hakuna aliyewafukuza. Ikawa hivyo Sabato baada ya Sabato. Kwao mvua haichagui siku, na siku za mvua walilisogeza benchi chini ya kingo za paa wakafunua miavuli. Ikinyesha sana juu ya mabati, Bathsheba hakusikia mahubiri hata kidogo. Hapo aliwafungulia Biblia akawapa aya alizozijua mwenyewe.

Jambo lililoigeuza hali hiyo hakulitarajia. Alikuja mchungaji wa mtaa, anayehudumia makanisa mengi na kuonekana kwao mara chache. Alikuwa anahubiri kwa Kiswahili, Mzee Sylvanus akiyageuza maneno kwa Ekegusii, na mvua ilianza katikati ya mahubiri. Ratemo aliketi karibu na dirisha lile. Kutoka pale alimwona mkewe, kitambaa kimelowa na kumganda shingoni, mikono ikiendelea. Alimwona Celestine, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, amemshikia mwavuli yule msichana asiyewahi kwenda shule, na yeye mwenyewe analowa.

Ratemo akasimama. Watu walidhani anakwenda kufunga dirisha. Alitoka nje kwenye mvua, akawaashiria viziwi wainuke, kwa mkono tu kwa kuwa hakuwa na ishara nyingi, akaliinua benchi na kuliweka begani. Akaingia nalo kupitia mlango mkubwa, maji yakimchuruzika, akapita katikati ya kanisa lote hadi mbele, akaliweka chini ya mimbari. Mzee Sylvanus alikuwa katikati ya sentensi, na sentensi hiyo hakuimaliza. Viziwi walimfuata Ratemo mmoja mmoja, wakaketi. Bathsheba aliingia wa mwisho, akasita.

"Simama hapo," Ratemo alimwambia kwa Ekegusii, kwa sauti ya kawaida, ila kanisa zima lilisikia. Kisha akarudi kuketi mahali pake na kutazama miguu yake.

Mchungaji aliangalia benchi, akamwangalia Mzee Sylvanus, akamwangalia mwanamke aliyelowa. "Tuendelee," alisema. Wakaendelea wote watatu, mmoja kwa Kiswahili, mmoja kwa Ekegusii, mmoja kwa mikono. Benchi halikutolewa tena, na lile jambo la barazani hakuna aliyeuliza lilifikia wapi.

Celestine alipokuwa karibu kumaliza sekondari, aliomba kubatizwa. Desturi yao ni kwamba anayebatizwa hutoa ushuhuda kanisani asubuhi, na mchana watu huteremka mtoni. Kanisa lilijaa hadi mlangoni. Celestine alisimama mbele na gauni jeupe. Bathsheba alisimama kando na kipaza sauti, kwa kuwa siku hiyo kazi yake iligeuka: binti angesema kwa mikono na mama angeyatamka maneno yake kwa sauti. Hakuwa ameulizia ushuhuda wenyewe kabla, na Celestine hakuwa amemwambia.

"Naitwa Celestine," Bathsheba alisema, akifuata mikono ya bintiye. "Nimekuja kanisa hili tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Nilipopoteza masikio mliniombea. Sikujua mnafanya nini. Niliona watu wakubwa wamenizunguka, wamekunja nyuso, wananishika kichwa kwa nguvu. Nilidhani nimefanya kosa kubwa na ninaadhibiwa. Mkimaliza mlikuwa mnanitazama, halafu mnahuzunika. Kila Sabato niliwahuzunisha, na sikujua nifanye nini ili nisiwahuzunishe."

Mtu mmoja mbele aliacha kujipepea. Celestine aliendelea, na mama yake akaendelea.

"Miaka yote hii, mkitoka mlangoni mnasalimiana kwa mikono. Mimi mnanigusa kichwa. Wapo hapa watu walionijua nikiwa mtoto ambao hawajawahi kuniuliza habari yangu. Salamu ni ishara ndogo. Mama yangu alijifunza kwa siku moja."

Mzee Sylvanus alikuwa ameketi nyuma ya mimbari. Aliinama mbele akamnong'oneza Bathsheba, "Mama Celestine, fupisha. Sema tu anashukuru."

Celestine aliona midomo ya mama imesimama. Akamtazama mzee, akamtazama mama.

"Unawaambia ninachosema?" aliuliza kwa mikono.

Bathsheba alikisogeza kipaza sauti pembeni. "Mzee, hajamaliza," alisema. Akamwashiria binti aendelee.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko vyote. Celestine alimgeukia yeye.

"Na mama yangu," Bathsheba alisema, "mama yangu ndiye aliyenishika mkono akanipeleka mbele. Sikutaka. Hakuniuliza. Siku hizo nilimchukia."

Angeweza kuliruka neno hilo na hakuna mtu kanisani, isipokuwa benchi la mbele, angejua. Alilirudia ili lisikike vizuri hata nyuma.

"Nilimchukia. Halafu akaenda akajifunza kuongea nami, mikono yake ikiwa inauma kutokana na chai. Alikosea sana. Alinichekesha. Ndipo nilipojua kisa cha Yesu, kabla ya hapo nilikuwa nimeona picha tu. Nabatizwa leo kwa sababu niliambiwa na nikaelewa. Hapa karibu wapo wengine ambao hawajaambiwa. Nimemaliza."

Kwenye benchi la mbele, viziwi waliinua mikono juu wakaitikisa hewani, kama wafanyavyo wanapopiga makofi. Bibi mmoja, asiyejua maana yake, akainua yake pia. Mchungaji akaanzisha wimbo. Walipoteremka mtoni Bathsheba alitembea kando ya bintiye, na walipofika kwenye mteremko wenye utelezi Celestine ndiye aliyemshika mama mkono asianguke.

Si wote waliopendezwa. Familia moja ilihamia kanisa jingine, ikisema vijana siku hizi hawana haya. Mzee Sylvanus alimsalimia Bathsheba kwa mbali kwa muda mrefu, hadi Bathsheba akazoea. Kisha alasiri moja mzee akamkuta shambani anachuma, akasimama kati ya mistari ya michai na fimbo yake.

"Nifundishe ile salamu," alisema. "Hiyo tu. Nyingine haziwezi kuingia kwenye vidole hivi."

Alimfundisha. Sabato iliyofuata mzee alisimama mlangoni, akamsalimu Angwenyi kwa ishara, polepole, kwa uangalifu wa mwalimu anayeandika ubaoni. Angwenyi alifurahi, akamjibu kwa maelezo marefu yenye habari za nyumbani, za mvua na za bei ya ngozi. Mzee Sylvanus hakuelewa hata moja. Alimtafuta Bathsheba kwa macho, naye akajifanya anapanga vitabu vya nyimbo.

Celestine sasa anaishi mjini Kisii, anashona nguo kwenye duka la vitambaa la Mohamednoor, mfanyabiashara ambaye amejifunza kutaja rangi na vipimo kwa vidole, naye husema ni kwa ajili ya biashara tu. Alipoondoka, watu wengi Kebirigo walidhani mama yake atapumzika. Shemasi yuleyule aliyemnong'oneza zamani alimwambia, kwa huruma ya kweli, "Mama Celestine, mtoto amekua. Sasa si uketi?"

"Kwani wanaoketi pale mbele ni nani?" Bathsheba alimjibu. "Ni mtoto wangu peke yake?"

Hakuketi. Alianzisha darasa la lugha ya ishara mchana wa Sabato, baada ya watu kula. Siku ya kwanza walikuja watu wachache tu, wawili kati yao wakitafuta kivuli. Alifundisha hao hao. Aliitwa kwenye mazishi, kwenye harusi, hata kanisa Katoliki lililo jirani lilimwomba siku ya kipaimara. Mwaka jana walimwalika Kenyenya, kwenye kanisa lenye viziwi wengi kuliko lao, akaenda kila mwezi hadi wakapata mtu wao wenyewe.

Viungo vya vidole vyake vimeanza kuvimba, hasa asubuhi za baridi, na daktari amemwambia aipunguzie mikono kazi. Amepunguza kuchuma chai. Kanisani amemweka Sheila, binti wa jirani aliyetoka katika lile darasa, na mwezi uliopita Sheila alisimama mbele peke yake kwa mara ya kwanza. Bathsheba aliketi kando ya Ratemo, mikono juu ya mapaja, akasikiliza mahubiri kama muumini mwingine yeyote.

Sheila alianza vizuri. Lakini mhubiri wa siku hiyo alikuwa mwenye haraka, akaingia kwenye kitabu cha Ezekieli na wale viumbe wenye mabawa na magurudumu, na mikono ya binti ikaanza kuchelewa, ikajikwaa, ikasimama. Viziwi walimsubiri. Sheila alitazama huku na huku, uso umemwiva.

Ratemo alimgusa mkewe kwa kiwiko. Bathsheba alikuwa tayari ameshasimama, anakaza kitambaa chake kichwani na kupita katikati ya magoti ya watu kwenda mbele.